Chuma bila makaa ya mawe: Jinsi umeme unavyoweza kuchukua nafasi ya tanuri

Na Mwandishi Wetu

KILA nondo inayoshikilia ghorofa mjini, kila bati na kila msumari, vina moshi nyuma yake. Kutengeneza tani moja ya chuma cha pua kwa njia iliyozoeleka, yaani kwa tanuri na makaa ya mawe, huachia angani takriban tani mbili za hewa ya ukaa.

Tani moja ya chuma si kitu kikubwa kwa mjenzi. Ni sawa na nondo 94 hivi za milimita 12, zenye urefu wa mita 12 kila moja, idadi ambayo nyumba ya ghorofa inaweza kuimaliza hata kabla haijapauliwa.

Dunia nzima huzalisha karibu tani bilioni 1.9 za chuma cha pua kwa mwaka, na zaidi ya nusu yake hutoka China. Sekta hiyo peke yake hukadiriwa kuchangia kati ya asilimia 7 na 9 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu.

Ndiyo sababu wahandisi katika nchi kadhaa wamerudi kulichunguza wazo ambalo sayansi imelijua tangu zamani, lakini viwanda vya chuma vililiweka kando: kukitenganisha chuma na mawe yake kwa kutumia umeme, bila makaa hata kidogo. Njia hiyo kitaalamu huitwa elektrolisisi.

Machi 2025, kampuni ya Boston Metal ya jimbo la Massachusetts, Marekani, ilitangaza kwamba mtambo wake mmoja wenye ukubwa wa kiviwanda ulikuwa umetoa zaidi ya tani moja ya chuma kwa njia hiyo.

Kiasi hicho ni kidogo mno. Tanuri moja kubwa la makaa linaweza kutoa tani 10,000 kwa siku. Hata hivyo, umuhimu wa tangazo hilo haukuwa katika wingi wa chuma, bali katika kilichotoka pamoja nacho, ambacho ni hewa ya oksijeni badala ya hewa ya ukaa.

Kazi mbili za makaa

Watu wengi hudhani kwamba makaa ya mawe huingizwa katika tanuri la chuma ili kuleta moto tu. Laiti ingekuwa hivyo, tatizo lingekuwa rahisi, kwani moto unaweza kupatikana kwa njia nyingine.

Ukweli ni kwamba makaa yana kazi ya pili iliyo kubwa zaidi. Chuma hakipatikani ardhini kikiwa safi. Kimefungamana na oksijeni, na mawe yanayochimbwa migodini kwa kweli ni ndugu wa kutu inayokula geti au mwili wa gari. Ili kukipata chuma, sharti oksijeni hiyo iondolewe.

Kaboni iliyomo katika makaa ndiyo inayofanya kazi hiyo. Makaa huokwa kwanza ili yawe magumu na safi, kisha hutumbukizwa tanurini pamoja na mawe ya chuma na mawe ya chokaa, huku hewa ya moto ikipulizwa kutoka chini. Kaboni huunguzwa, hugeuka hewa inayopanda juu, hewa hiyo hunyang'anya oksijeni kutoka katika mawe, na matokeo yake ni chuma kilichoyeyuka kwa upande mmoja na hewa ya ukaa kwa upande wa pili.

Kwa maneno mengine, hewa ya ukaa si uchafu wa bahati mbaya unaoweza kuzuiwa kwa kusafisha bomba la moshi. Ni sehemu ya kanuni yenyewe. Hata kama joto la tanuri lingeletwa na jua, mradi kaboni ndiyo inayobeba oksijeni, hewa hiyo ingeendelea kutoka.

Kanuni hiyo ni kongwe. Utafiti wa Peter Schmidt na Donald Avery uliochapishwa mwaka 1978 ulionyesha kwamba mafundi wa magharibi mwa Ziwa Victoria, katika eneo ambalo leo ni mkoa wa Kagera, walikuwa wakiyeyusha chuma kwa ustadi mkubwa kati ya miaka 1,500 na 2,000 iliyopita. Wao walitumia mkaa wa miti na mivukuto. Viwanda vya kisasa hutumia makaa ya mawe na mashine kubwa, lakini kinachoendelea ndani ya tanuri ni kilekile.

Somo kutoka kwenye sufuria

Ipo metali nyingine, iliyomo katika kila jiko, ambayo haikuwahi kupita katika tanuri la aina hiyo. Nayo ni alumini, inayotengenezewa sufuria.

Alumini huishikilia oksijeni kwa nguvu kuliko chuma, kiasi kwamba kuitenganisha kwa makaa hakukuwezekana kibiashara. Katikati ya karne ya 19 ilikuwa metali ya thamani, iliyomilikiwa na matajiri wachache.

Mambo yalibadilika mwaka 1886, pale Charles Martin Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mmoja kwa wakati wake, walipogundua namna ya kuitenganisha kwa umeme. Tangu hapo alumini ikashuka bei mpaka ikafika sokoni kama chombo cha kupikia ugali.

Kanuni yake inaeleweka bila hesabu nyingi. Madini huyeyushwa katika kimiminika kinachopitisha umeme. Ndani yake huwekwa ncha mbili, moja chanya inayoitwa anodi na nyingine hasi inayoitwa kathodi, kama zilivyo ncha mbili za betri. Umeme unapopita, metali huvutwa upande wa kathodi na kujikusanya hapo, na oksijeni huenda upande wa anodi.

Hapo umeme unakuwa umefanya kazi iliyokuwa ikifanywa na kaboni. Oksijeni inaondolewa bila ya kubebwa na kitu kingine.

Swali linalofuata ni kwa nini chuma hakikufuata njia hiyo tangu mwaka 1886. Jibu la kwanza ni bei, kwani makaa yalikuwa rahisi na tanuri lilifanya kazi vizuri. Jibu la pili ni joto. Mitambo ya alumini hufanya kazi katika nyuzi joto 960 hivi za Sentigredi, wakati chuma huyeyuka katika nyuzi 1,538.

Aidha, anodi za viwanda vingi vya alumini zimetengenezwa kwa kaboni, ambayo huliwa polepole na kutoa hewa ya ukaa. Kuiga njia hiyo kwa chuma bila ya kubadilisha anodi kusingeondoa tatizo.

Njia ya joto kali

Watafiti wanaolishughulikia jambo hili wamegawanyika katika makundi mawili. Kundi la kwanza limekubali kukabiliana na joto.

Boston Metal, iliyotokana na utafiti wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts (MIT), inayeyusha mawe ya chuma ndani ya mchanganyiko wa madini mengine ulioyeyuka, katika nyuzi joto 1,600 hivi. Umeme unaopitishwa humo hufanya mambo mawili kwa pamoja: unatunza joto na unatenganisha chuma. Chuma kilichoyeyuka huzama chini kwa uzito wake na kuchotwa, na oksijeni hupanda juu ikiwa mapovu.

Kikwazo kikubwa kilikuwa anodi. Hakuna vitu vingi vinavyoweza kusimama ndani ya ziwa la moto huku vikipigwa na oksijeni bila kuliwa. Metali zilizoweza kuvumilia, kama iridi, ni ghali mno kwa kiwanda.

Mwaka 2013, Donald Sadoway na Antoine Allanore wa MIT, pamoja na mwenzao, walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya anodi iliyochanganywa kromi na chuma. Metali hizo ni za bei nafuu, na zinapokutana na oksijeni hujitengenezea ngozi nyembamba inayozilinda huku ikiruhusu umeme kupita.

Jambo la kuvutia ni kwamba utafiti huo haukuanza kwa ajili ya viwanda vya chuma. Ulianza kwa msaada wa shirika la anga za juu la Marekani, NASA, lililotaka kujua namna ya kupata oksijeni kutoka katika udongo wa mwezini. Chuma kilikuwa takataka ya jaribio hilo.

Faida ya njia hii ni kwamba chuma hutoka kikiwa kimeyeyuka, tayari kuongezewa kiasi kidogo cha kaboni na metali nyingine ili kiwe chuma cha pua. Hasara yake ni kwamba mtambo hautakiwi kuzimwa. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, kimiminika huganda na mtambo unaweza kuharibika, tatizo ambalo viwanda vya alumini duniani vinalifahamu vyema.

Njia ya joto dogo

Kundi la pili limelikwepa joto. Kampuni ya Electra ya Boulder, jimbo la Colorado, huyeyusha mawe ya chuma kwa tindikali, kama chumvi inavyoyeyuka majini, kisha hupitisha umeme katika nyuzi joto 60 tu, ambazo hazifikii hata joto la chai iliyotoka kumiminwa.

Chuma hujijenga juu ya kathodi tabaka kwa tabaka mpaka kikawa bamba, kwa namna inayofanana na pete ya shaba inavyochovywa dhahabu kwa sonara. Kampuni hiyo ilizindua kiwanda chake cha majaribio mwaka 2024, na inaeleza kuwa mabamba yake yana usafi wa asilimia 99.

Kwa kuwa uchafu huondolewa wakati mawe yakiwa katika tindikali, Electra inasema inaweza kutumia mawe ya kiwango cha chini ambayo matanuri huyakataa. Na kwa kuwa hakuna kinachoganda, mtambo unaweza kupunguzwa kasi jua linapozama na kuongezwa linapochomoza, hivyo unaendana na umeme wa jua na upepo.

Huko Ulaya, mradi wa Siderwin ulioendeshwa kati ya mwaka 2017 na 2023 chini ya uongozi wa kampuni ya ArcelorMittal ulitumia njia inayokaribiana na hiyo. Badala ya tindikali, unga wa mawe ya chuma uliwekwa katika maji ya magadi makali yenye nyuzi joto 110 hivi, na mtambo wa majaribio ukajengwa Maizières-lès-Metz, Ufaransa.

Mwaka 2023 ArcelorMittal na kampuni ya John Cockerill ya Ubelgiji zilitangaza mpango wa kujenga kiwanda cha kwanza cha njia hiyo, chenye uwezo wa kuanza na tani 40,000 hadi 80,000 kwa mwaka.

Kasoro ya njia za joto dogo ni kwamba chuma hutoka kikiwa kigumu. Sharti kiyeyushwe tena katika tanuri la umeme kabla ya kuwa nondo au bamba la gari, na hatua hiyo nayo inadai umeme wake.

Bili ya umeme

Hapa ndipo ulipo mzigo mzito wa teknolojia hii. Boston Metal inakadiria kwamba tani moja ya chuma inahitaji umeme wa megawati-saa 4 hivi, sawa na uniti 4,000. Mteja mdogo wa nyumbani anayetumia uniti 75 kwa mwezi angekaa na kiasi hicho kwa zaidi ya miaka minne.

Iwapo uniti moja inauzwa senti 10 za dola ya Marekani, umeme peke yake utagharimu dola 400 kwa kila tani, kabla ya kulipia mawe, mishahara na mitambo. Ikiwa ni senti 3, gharama hiyo inashuka hadi dola 120. Tofauti hiyo ndiyo itakayoamua kama kiwanda kitajengwa au la.

Kwa kiwango cha dunia hesabu inatisha zaidi. Chuma kinachotokana na mawe, ukiondoa kile kinachoyeyushwa kutoka katika vyuma chakavu, ni karibu tani bilioni 1.4 kwa mwaka. Kukitengeneza chote kwa umeme kungehitaji takriban uniti trilioni 5.6, ambazo hazipungui sana moja ya tano ya umeme wote unaozalishwa duniani hivi sasa.

Jambo jingine lisilopaswa kusahauliwa ni asili ya umeme wenyewe. Uniti 1,000 zinazofuliwa kwa makaa ya mawe huachia angani karibu tani moja ya hewa ya ukaa. Hivyo, kiwanda kinachotumia umeme wa makaa kwa njia hii kingetoa karibu tani nne za hewa hiyo kwa kila tani ya chuma, yaani mara mbili ya tanuri la kawaida.

Maana yake ni kwamba elektrolisisi haisafishi chuma kwa uwezo wake yenyewe. Inahamisha uchafu kutoka kiwandani kwenda katika mtambo wa kufua umeme. Panapokuwa na umeme wa maji, jua, upepo au jotoardhi, faida ni kubwa. Pasipokuwepo, ni afadhali kubaki na tanuri.

Mshindani ni haidrojeni

Elektrolisisi haiko peke yake katika mbio hizi. Nchini Sweden, mradi wa HYBRIT unaoshirikisha kampuni za SSAB, LKAB na Vattenfall umetumia hewa ya haidrojeni kuondoa oksijeni katika mawe ya chuma, na kinachotoka ni mvuke wa maji. Mwezi Agosti 2021 chuma cha kwanza cha mradi huo kilikabidhiwa kwa kampuni ya magari ya Volvo.

Haidrojeni imetangulia kwa sababu mitambo yake inafanana na ile inayotumia gesi asilia, ambayo imekuwepo kwa miongo kadhaa. Hata hivyo, nayo hula umeme mwingi, kwani haidrojeni safi hupatikana kwa kupitisha umeme katika maji, na kwa kawaida huhitaji mawe ya chuma ya daraja la juu.

Elektrolisisi inaondoa hatua hiyo ya katikati. Badala ya umeme kutengeneza haidrojeni, na haidrojeni kutengeneza chuma, umeme unakwenda moja kwa moja. Inachokosa bado ni uzoefu wa miaka mingi na ukubwa wa kiwanda.

Kinachogusa Liganga

Kwa Tanzania suala hili si la mbali. Katika wilaya ya Ludewa, mkoani Njombe, uko mlima wa Liganga wenye chuma, na si mbali nao kuna makaa ya mawe ya Mchuchuma. Mwaka 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC) lilisaini mkataba na kampuni ya Sichuan Hongda ya China kwa ajili ya kuviendeleza vyote viwili, katika mradi uliotajwa kuwa wa dola bilioni 3 za Marekani.

Hoja ya mradi huo ilikuwa nyepesi: chuma na makaa vimekaa jirani, hivyo kimoja kitayeyusha kingine. Zaidi ya miaka kumi ilipita bila uzalishaji kuanza, na mwaka 2023 serikali ililipa fidia wananchi waliopisha eneo la mradi.

Katika muda huo dunia nayo imebadilika. Umoja wa Ulaya umeweka utaratibu wa kutoza bidhaa zinazoingia, zikiwemo za chuma, kulingana na hewa ya ukaa iliyotolewa wakati wa kuzitengeneza. Utaratibu huo ulianza kwa kutoa taarifa tu Oktoba 2023, na kuanzia Januari 2026 uliingia katika hatua ya malipo. Chuma cha makaa kitakachotaka soko hilo kitakwenda na mzigo huo begani.

Kwa upande mwingine, Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme katika gridi ya taifa mwaka 2024. Kiwanda cha elektrolisisi cha tani milioni moja kwa mwaka kingehitaji wastani wa megawati 457 usiku na mchana, sawa na zaidi ya moja ya tano ya uwezo wa bwawa hilo. Ni umeme mwingi, na ungegombewa na miji, reli ya kisasa na viwanda vingine.

Mawe ya Liganga pia yana tabia yake. Ndani yake mna titani na vanadi, na titani hujulikana kwa kuufanya uchafu ulioyeyuka katika tanuri kuwa mzito na mgumu kutoka. Kikanuni, titani huishikilia oksijeni kwa nguvu kuliko chuma, hivyo nguvu ya umeme ikidhibitiwa vizuri, chuma ndicho kingetangulia kutoka. Lakini kanuni ya maabara na kiwanda cha mlimani ni vitu viwili tofauti.

Majirani nao wana sababu ya kufuatilia. Uganda ina mawe ya chuma katika eneo la Muko, kusini magharibi mwa nchi, pamoja na umeme wa maji wa Karuma wenye megawati 600. Kenya haina mgodi mkubwa wa chuma, lakini zaidi ya asilimia 80 ya umeme inaofua hutokana na vyanzo jadidifu, ukiwemo wa jotoardhi wa Olkaria.

Hakuna nchi inayolazimika kuamua kesho. Tanuri la makaa likijengwa leo, hata hivyo, hutarajiwa kufanya kazi kwa miongo kadhaa, na anayelijenga anafunga mkataba na makaa kwa muda wote huo. Anayesubiri umeme naye anakubali kuendelea kuagiza chuma kutoka nje, huku mlima wake ukikaa bila kuchimbwa na wananchi wake wakikosa ajira.

Wataalamu wa Marekani na Ulaya watakapofikisha mitambo yao kutoka tani moja hadi tani elfu moja kwa siku, ndipo bei halisi itakapojulikana. Wakati huo, nchi itakayoulizwa kwanza na wawekezaji haitakuwa yenye makaa mengi karibu na chuma, bali yenye umeme safi, wa bei nafuu na usiokatika.